UZI MAALUM: Grand National, Aintree, Jumamosi 5 Aprili 2025. Tusome karatasi ya mbio, tusibonyeze namba

#1. Jicho la Farasi (mleta uzi), Ijumaa usiku

Wakuu, habari za jioni.

Kesho saa 12 jioni kwa saa za nyumbani (huku Liverpool itakuwa saa 10) farasi 34 watajipanga Aintree kwa ajili ya Grand National. Kilomita 6.9, viunzi 30, zawadi pauni milioni 1 na nusu yake inakwenda kwa mshindi. Nimefungua uzi mapema ili tupate usiku mzima wa kubishana kwa hoja.

Wengi wetu Dar, Mwanza, Nairobi na Kampala tumewajua farasi kupitia runinga ya kibanda cha kubeti. Farasi wa kompyuta, dakika mbili mbio zimekwisha, mtu anabonyeza namba 4 kwa sababu namba 4 "imekaa sana bila kutoka". Farasi wa kompyuta hana goti, hana umri, hajawahi kuanguka Machi akasita kuruka Aprili. Hawa wa kesho wana hayo yote, na yameandikwa kwenye karatasi ya mbio mbele ya macho yako. Anayeisoma karatasi ile na anayebonyeza namba hawafanyi kazi moja, hata kama wote wawili watarudi nyumbani mikono mitupu.

Nianze na ardhi, maana kwenye mbio za kuruka viunzi ardhi ndiyo inayoamua nani acheze mchezo wake. Wiki hii jua limewaka na uwanja umemwagiliwa. Inasomeka wastani kuelekea laini. Mwaka jana ilikuwa laini haswa, miguu inazama. Kwa hiyo ukiona mtu anamsifia farasi kwa ushindi wa kwenye tope la Januari, muulize: na kesho kwenye ardhi hii?

Kisha uzito. Hizi ni mbio za kusawazishwa. Mkadiriaji humpa kila farasi alama kwa aliyoyafanya, na mwenye alama nyingi anabeba mzigo mkubwa. Mzigo ni joki pamoja na tandiko lake. Joki akiwa mwepesi, vipande vya risasi vinachomekwa kwenye tandiko mpaka mzani ukubali. Kilele cha kesho ni kilo 75.3, na kiko mgongoni mwa I Am Maximus, bingwa mtetezi, ambaye mwaka jana alishinda na kilo 72.6. Tofauti ya kilo tatu kasoro si kitu ukiwa unatoka sokoni, ila baada ya kilomita 6 na viunzi 28 inakaa kwenye mapafu. Red Rum alishinda na kilo 76.2 mwaka 1974. Tangu hapo aliyeshinda na mzigo mkubwa kuliko wote ni Many Clouds mwaka 2015, kilo 73.9. Hamsini na moja ya miaka, wakuu. Historia hiyo si ya kupuuza.

Umri: wanaruhusiwa kuanzia miaka 7. Wa miaka 7 wa mwisho kushinda ni Noble Yeats mwaka 2022, na kabla yake ilibidi urudi hadi 1940. Kwa upande wa wazee, wa miaka 13 hajashinda tangu 1923. Kesho yupo mmoja wa miaka 13, Celebre d'Allen. Namheshimu kwa kufika hapo, lakini hela yangu haimgusi.

Halafu zile tarakimu na herufi zilizo kando ya jina la farasi. Namba ni nafasi aliyomaliza, ya kulia kabisa ndiyo ya karibuni. F maana yake alianguka. U, alibaki amesimama ila joki akamdondoka. P, joki alimsimamisha njiani kwa kuwa hana tena cha kutoa. Ukiona F moja miaka miwili iliyopita usishtuke. Ukiona P mbili mfululizo msimu huu, kuna jambo: pumzi, mgongo, au moyo wa kukimbia umeisha. Mimi P inanitisha kuliko F.

Sasa wakimbiaji wenyewe. Siwezi kuwapitia wote 34, nawachukua ambao nina neno nao.

I Am Maximus. Ana Irish Grand National ya 2023, yaani ile ya Ireland, na hii ya hapa 2024. Paul Townend, joki namba moja wa zizi la mkufunzi Willie Mullins, amemchagua tena. Msimu huu hajashinda hata mara moja na mzigo ni ule niliosema. Ila kuna farasi ambao Aintree inawaamsha. Sitashangaa akiingia kwenye nne za kwanza. Kushinda, hapana.

Iroko. Huyu ndiye wangu. Miaka 7, anafunzwa na Oliver Greenall na Josh Guerriero pale Cheshire, si mbali na hapa. Tazameni Aprili 2024, hapahapa Aintree: alikuwa wa pili kwenye mbio ya Mildmay nyuma ya Inothewayurthinkin. Huyo aliyempita amekwenda Cheltenham wiki tatu zilizopita akachukua Gold Cup, mbio ya farasi wa daraja la juu kabisa, akimwacha Galopin Des Champs aliyekuwa anautafuta ushindi wa tatu mfululizo. Hivyo ndivyo karatasi inavyosomwa. Usiishie kwenye "wa pili", uliza wa pili nyuma ya nani, na huyo nani amefanya nini baadaye. Mkadiriaji hakuweza kuijua Gold Cup ya Machi alipotoa uzito Februari. Kwangu hapo pana punguzo la bure. Umri wake ndio unaonitia wasiwasi, na soko limeshamwona, maana yuko kwenye 13/2 hadi 7/1.

Hewick. Alinunuliwa kwa euro 850 tu, halafu akaja kushinda mbio kubwa ya King George pale Kempton siku ya Boxing Day 2023. Anapenda ardhi isiyozama na kesho ataipata. Pumzi anayo.

Intense Raffles. Mweupe wa kijivu, mshindi wa Irish Grand National 2024. Farasi mzuri sana, lakini namtaka siku ya mvua. Jua hili linamwondoa kwangu.

Stumptown. Ametoka kushinda zile mbio za nyikani za Cheltenham mwezi uliopita. Anazijua kona na viunzi vya ajabu. Tiger Roll alipita njia hiyohiyo kabla ya kushinda hapa 2018 na 2019.

Minella Indo. Gold Cup ya 2021, wa tatu hapa mwaka jana. Ana miaka 12 sasa. Kumaliza atamaliza.

Kandoo Kid. Mshindi wa mbio kubwa ya Newbury mwezi Novemba, wa zizi la Paul Nicholls. Sijui kama umbali huu ni wake, na sitaki kulijua hilo kwa hela yangu.

Uamuzi wangu: Iroko, dau la pande mbili. Hewick kidogo pembeni. Karibuni, leteni wenu, ila kila anayeleta jina alete na sababu.

#2. Fundi Mkeka

Mkuu uzi umeshiba. Mimi mpira naujua, mikeka nimechana na nimekula, lakini hilo la "pande mbili" sijalielewa. Na hiyo 13/2 ndiyo odi gani? Huku tumezoea 1.85, 2.40.

#3. Jicho la Farasi

Fundi, karibu sana. 13/2 inasomwa hivi: ukiweka 2 wanakuongezea 13 juu ya zako. Kwa lugha ya mkeka ni odi ya 7.50. Igeuze: 1 gawa kwa 7.5 ni kama asilimia 13. Maana yake soko linasema mbio hizi zikikimbiwa mara 100 Iroko atashinda kama mara 13, na hata hapo kampuni imeshajikatia chake. Kwa hiyo anayepewa nafasi kubwa kuliko wote kesho, uwezekano mkubwa ni kwamba atashindwa. Liweke hilo kichwani kabla hujagusa simu.

Pande mbili: dau linakatwa vipande viwili vilivyo sawa. Kipande kimoja ashinde, kingine amalize kwenye nafasi zinazolipwa. Kwa Grand National kampuni nyingi huongeza nafasi. Ninayoitumia inalipa hadi wa 6, kwa sehemu ya tano ya odi. Nikiweka pauni 10 kila upande, nimetoa 20. Akishinda, upande wa kwanza unarudisha 75 na wa pili 23. Akiwa wa nne, upande wa kwanza umeungua, wa pili unarudisha 23, nimepata faida ya pauni 3. Ndiyo maana kwa farasi wa bei ndogo pande mbili hazina utamu mkubwa, utamu uko kwa wa 25/1 na kuendelea.

Na tafadhali usimchanganye farasi na timu za mpira kwenye mkeka mmoja. Mkeka wa timu 12 na farasi mmoja wa Aintree ni kuwapa watu hela.

#4. Mwana Ngong

Wazee, salamu kutoka Nairobi. Sisi wa Ngong tunakimbiza farasi kwenye nyasi tambarare, viunzi hatuna, lakini kusoma karatasi tunajua kitambo.

Mleta uzi, umewapita wengine wa Mullins kama hawapo. Hebu rudi uwanja wa Fairyhouse kule Ireland mwezi Februari, mbio inayoitwa Bobbyjo Chase, imepewa jina la farasi aliyeshinda National 1999. Mwaka jana nani aliishinda? I Am Maximus, halafu Aprili akachukua National. Mwaka huu nani ameishinda? Nick Rockett. Wa pili wake, Grangeclare West, naye yupo kesho. Na kabla ya hapo Nick Rockett alikuwa ameshinda mbio ya Thyestes kule Gowran Park, Januari. Moja na moja kwenye karatasi, miaka 8, anaendelea kukua. Halafu bei ni 33/1! Sababu ya bei hiyo ni kwamba Townend hayuko mgongoni mwake, watu wameona joki ni mtoto wa mkufunzi, Patrick Mullins, asiyelipwa kwa kazi hiyo, wakadhani anapewa farasi wa kujifurahisha. Patrick ameshinda mbio nyingi kuliko majoki wengi wanaolipwa.

Uzito kilo 73.5, nakubali ni mwingi. Lakini bei imeshalipia hilo. Mimi shilingi 500 kila upande.

#5. Jicho la Farasi

Mwana Ngong, hoja imesimama kwa miguu yote minne. Hofu yangu ni uzito tu. Kilo 73.5 ni karibu sawa na Many Clouds, na huyo alikuwa farasi wa daraja la Gold Cup. Nick Rockett bado hajaonesha hilo. Ila kwa 33/1 sikukatazi, na wasomaji wengine waipime hoja yako pamoja na yangu.

#6. Binti Tanga

Shikamooni wakubwa. Mimi sibeti, nasoma tu kwa sababu baba yangu alikuwa anapenda farasi. Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa. Nimeangalia video za zamani za mbio hizi, farasi wanaanguka wengine juu ya wengine, na wapo wanaokufa. Mnaliongeaje hilo mnapokaa kupanga nani ashinde?

#7. Jicho la Farasi

Marahaba dada. Swali lako ni la haki, nalijibu kwa urefu.

Kweli wanakufa, na atakayekwambia hawafi anakudanganya. Kilichofanyika ni hiki. Mwaka 2013 nguzo za mbao zilizokuwa ndani ya viunzi ziliondolewa, ikawekwa plastiki inayopinda. Ukivitazama leo kwa nje ni matawi ya kijani ya msprusi yaliyoshindiliwa, na ndani ni ile plastiki. Farasi akikigonga kinampisha. Mwaka 2024 wakapunguza farasi kutoka 40 hadi 34, wakasogeza kiunzi cha kwanza karibu na mahali pa kuanzia ili wasikifikie wakiwa na kasi ya kichaa, na wakapandisha kiwango cha chini cha alama za farasi anayeruhusiwa kuingia. Mwaka huohuo hakuanguka hata mmoja.

Alhamisi nilisimama karibu na kiunzi wanachokiita The Chair. Ni cha 15, kinarukwa mara moja tu, na ndicho kirefu kuliko vyote, mita 1.57. Mbele yake kuna mtaro, kwa hiyo farasi anatakiwa aruke mbali na juu kwa pamoja, na ardhi ya kutua iko juu kidogo kuliko aliyoruka. Usichokipata kwenye runinga ni sauti. Unasikia matawi yanavyokwaruza tumbo la farasi, unasikia joki anamwambia farasi neno kabla ya kuruka, kisha kishindo cha kwato upande wa pili. Farasi wazuri wanaanza kukipima kiunzi hatua tatu kabla, masikio yamesimama mbele. Aliyekata tamaa masikio yamelala. Mimi naangalia masikio kwanza, kisha tarakimu.

Nawapenda wanyama hawa, na kwa sababu nawapenda nataka sheria zizidi kukazwa. Kama siku moja wataalamu watasema umbali upunguzwe, nitaunga mkono.

#8. Daktari wa Mifugo

Naongeza kidogo kwa dada. Hatari kubwa haiko kwenye urefu wa kiunzi peke yake. Iko kwenye kasi na uchovu. Farasi aliyechoka haangalii miguu yake, na kuruka ukiwa umeishiwa pumzi ndiko kunakovunja mifupa. Kwa hiyo joki kujua saa ya kumsimamisha ni sehemu ya ufundi kama vile kushinda. Ile P ambayo mleta uzi anaiogopa kwenye karatasi, mimi naiheshimu. Ina maana kuna mtu alimjali mnyama.

#9. Fundi Mkeka

Nimeelewa zaidi ya nilivyotarajia. Swali dogo: mbio nyingine za kesho vipi? Na yule farasi Constitution Hill ambaye watu wanamwimba?

#10. Jicho la Farasi

Constitution Hill amekwishakimbia jana Alhamisi, akaanguka tena, kama alivyoanguka Cheltenham mwezi Machi. Farasi Lossiemouth akaichukua mbio hiyo, Aintree Hurdle. Leo Jonbon ameshinda mbio ya Melling Chase kwa mwaka wa pili mfululizo. Mbio nyingi za mapema kesho ni za viunzi vidogo na farasi wachanga, sina neno zito, na sipendi kusema jambo ili tu nionekane nimesema. Nimeweka nguvu zangu kwenye saa 12.

Kwa wanaotazama, shikeni alama hizi. Kiunzi cha 6 na cha 22 ni kilekile, Becher's Brook, kilichoitwa kwa Kapteni Martin Becher aliyedondokea kwenye kijito mwaka 1839. Kinachofuata ni Foinavon, cha 7 na cha 23, ni kifupi na hakitishi, lakini hapo mwaka 1967 farasi karibu wote walisongamana na yule wa nyuma, wa 100/1, akapenya akashinda, ndipo kikapewa jina lake. Kisha Canal Turn, kona ya nyuzi 90 mara tu unapotua. Halafu Valentine's. Baada ya kiunzi cha mwisho bado kuna mita 450 za kukimbia tupu, zimepinda katikati. Farasi wengi wamepoteza Grand National hapo wakiwa wanaongoza. Usishangilie mapema.

Farasi ambao majoki wao wamevaa kijani na dhahabu ni wa mmiliki J.P. McManus, ana zaidi ya mmoja, watofautisheni kwa kofia ya joki.

#11. Mwana Ngong, Jumamosi, saa 12 kasoro

Wako kwenye uwanja wa maandalizi, wanazungushwa. Nick Rockett ametulia, hana jasho. I Am Maximus anang'aa kama shaba. Bei ya Iroko imeshuka, ndiye anaongoza soko kwa 13/2.

#12. Jicho la Farasi

Wameondoka safi.

Broadway Boy anaongoza, anaruka vizuri sana.

Duru ya kwanza imekwisha. Iroko yupo katikati, anapumua vizuri.

#13. Fundi Mkeka

BROADWAY BOY AMEANGUKA! Alikuwa mbele! Cha 25!

#14. Binti Tanga

Jamani. Ameamka?

#15. Mwana Ngong

Kiunzi cha mwisho. Patrick na I Am Maximus bega kwa bega. Patrick anapita! Anapita wazee! NICK ROCKETT!!!

#16. Jicho la Farasi, saa 1 usiku

Matokeo wakuu:

1. Nick Rockett, 33/1
2. I Am Maximus, 7/1
3. Grangeclare West, 33/1
4. Iroko, 13/2
5. Meetingofthewaters

Wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano wote wametoka zizi moja la Willie Mullins, Closutton. Mbele ya wa pili, mshindi alikuwa na nafasi ya urefu wa farasi wawili na nusu.

Mwana Ngong, hongera kutoka moyoni. Bobbyjo ya Februari imeleta wa kwanza na wa tatu, kama ulivyoandika. Shilingi 500 kila upande kwa 33/1: upande wa ushindi unarudisha 17,000, upande wa nafasi kwa sehemu ya tano 3,800. Jumla 20,800 kwa dau la 1,000. Hiyo ni faida ya kusoma karatasi mpaka ukurasa wa Februari.

Iroko amekuwa wa nne, pauni zangu 20 zimerudi 23. Tazameni pia mambo ya uzito: wa kwanza kilo 73.5, wa pili 75.3. Mizigo miwili mizito imeongoza. Tangu farasi wapunguzwe hadi 34 na kiwango cha kuingia kipandishwe, wanaobaki ni wa daraja la juu, na ardhi ikiwa hivi wenye daraja hilo wanabeba kilo zao bila kulalamika. Kuanzia mwakani sitamkata farasi kwa uzito peke yake, nitatazama kwanza daraja lake.

#17. Mwana Ngong

Asante sana mkuu. Ila mimi hela imepita, kilichonikaa ni yule mzee Willie Mullins kwenye runinga. Ameshinda kila kitu kwenye mchezo huu, halafu mwanawe anashinda Grand National na mzee anashindwa kuongea, analia. Na mwenye farasi: mkewe ndiye aliyetaka wampeleke farasi huyu kwa Mullins. Aliugua saratani, akamwona Nick Rockett akikimbia mara ya kwanza, na siku chache baadaye mwezi Desemba 2022 akafariki. Mume ameendelea naye mpaka leo.

#18. Binti Tanga

Nimesoma hilo nikatokwa na machozi. Mungu amrehemu. Na Broadway Boy?

#19. Jicho la Farasi

Dada, Broadway Boy amehudumiwa uwanjani na ameinuka kwa miguu yake. Anayetia wasiwasi ni Celebre d'Allen, yule wa miaka 13. Alikuwa mbele kabisa mwishoni mwa mbio, ghafla akaishiwa, na baada ya kiunzi cha mwisho akaanguka chini. Madaktari wako naye. Nitaleta habari.

#20. Jicho la Farasi, Jumanne

Wakuu, leo imetangazwa kuwa Celebre d'Allen amefariki.

Joki wake amefungiwa siku 10 kwa kuendelea kumkimbiza wakati farasi alikuwa hana tena nguvu. Daktari wa Mifugo alilisema Ijumaa usiku, uchovu ndio hatari yenyewe. Narudia niliyomwambia Binti Tanga, sheria zikazwe, na ningeanza na umri. Sioni kwa nini farasi wa miaka 13 apelekwe kilomita 6.9 za Aintree wakati kwa zaidi ya miaka 100 hakuna hata mmoja wa umri huo aliyeshinda. Ana mbio fupi anazoweza kukimbia, ana malisho anayostahili. Waandaaji wana uwezo wa kuweka kikomo hicho kabla ya Aprili ijayo, na nitaandika barua kwao kama mtazamaji wa kawaida.

#21. Daktari wa Mifugo

Naunga mkono kikomo cha umri. Ningeongeza kitu kimoja: kila farasi wa miaka 11 na kuendelea apimwe moyo na mapafu akiwa anakimbia, si akiwa amesimama zizini. Akiwa amesimama karibu kila farasi anaonekana mzima.

#22. Binti Tanga

Asanteni kwa kunijibu kama mtu. Nitaendelea kufuatilia.

#23. Fundi Mkeka

Poleni wote. Mkuu, barua ukiiandika iweke hapa tuione, na wengine tutatia majina yetu. Mbio kubwa inayofuata lini?

#24. Jicho la Farasi

Nitaiweka. Inayofuata ni Irish Grand National, Fairyhouse, Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 Aprili. Kama kilomita 5.8, pia ya kusawazishwa, viunzi vya kawaida. Fairyhouse ndiko Bobbyjo inakokimbiwa, kwa hiyo Mwana Ngong una deni la kutuletea daftari lako la Februari.

Mimi jicho langu liko kwa Haiti Couleurs wa Rebecca Curtis, kutoka Wales. Alishinda mbio ndefu ya chipukizi pale Cheltenham mwezi Machi, akiruka vizuri. Waingereza na Wawelsi hawashindi sana kule, na bei italijua hilo. Nataka kuona kwanza mvua ya wiki ya Pasaka. Nitafungua uzi mpya Jumamosi tarehe 19 karatasi ikishatoka.